Kisima Tulichokishibisha

Chaki ya shule inaweza kupima maji. Nilifundishwa hilo nikiwa na miaka kumi na tisa, na nililifurahia kuliko yote niliyofundishwa darasani, ambako hata hivyo sikukaa muda mrefu. Unachukua utepe wa chuma wenye kipande cha risasi mwishoni, unaupaka chaki kwa urefu wa mkono mmoja, unauteremsha kisimani na kutega sikio. Risasi ikigusa maji inalia pu, kidogo tu, kama mtu anayembusu mtoto aliyelala. Unaongeza kidogo, unasoma nambari pale ukingoni, unaupandisha. Chaki ilipolowa pamekuwa peusi. Unatoa urefu uliolowa kwenye ile nambari, unaandika, na tayari unajua maji yamelala mbali kiasi gani chini ya miguu yako.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Kibelgiji aliyeishi miaka mingi Kongo kabla ya kuja kwetu Rumonge. Sisi tulimwita Mpimaji. Alikuja siku zile bendera yetu bado ikinukia upya, uhuru haujatimiza hata miaka mitatu. Kampuni moja ilikuwa imeona mstari mweusi kwenye korongo la mlima ulio nyuma ya mji, ikasema ni makaa ya mawe, ikataka kuchimba. Lakini Mpimaji mwenyewe hakuwa na habari na makaa.

“Mimi siko mutu wa makaa,” aliniambia siku ya kwanza. “Mimi iko mutu wa maji. Sikia vizuri. Wakichimba shimo mukubwa kule mulimani, maji ya chini itaingia mule. Wataleta pompe, wataivuta, wataimwaga. Sasa ile maji inatoka wapi? Labda inatoka kwa kisima ya mama yako. Labda hapana. Kazi yetu ni kujua mbele ya pompe, hapana nyuma.”

Alinichagua kwa sababu nilijua kusoma nambari, na kwa sababu, alisema, nilikuwa na uso ambao akina mama hawataufungia mlango. Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa mtu wa kucheka na kuota. Nikitembea na ule utepe begani katika mtaa wetu wa Waswahili, niliuona mji wote kama kifuniko, na chini yake ziwa la pili, la giza, lisilo na mtumbwi hata mmoja, ambalo mimi peke yangu nilikuwa na ruhusa ya kuligusa. Mpimaji alikuwa ameniahidi barua: kazi ikienda vizuri, ataniandikia nipokelewe kwenye ekole, shule ya wapimaji kule Bujumbura. Usiku nilichora akilini ramani za maji.

Kisima cha kwanza kwenye orodha yetu kilikuwa cha nyumbani kwetu. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea, na kisima kilichimbwa na marehemu mume wake mwaka waliohamia pale. Maji yake yalikuwa matamu. Alikamulia mawese uani, na maji yale ndiyo aliyosafishia mafuta, ndiyo aliyopikia, ndiyo waliyochota nyumba kumi na zaidi bila kuulizwa. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kutoka kwetu hadi ziwani si mbali kwa kijana, ila kwa mwanamke wa umri wake mwenye debe kichwani, na ule mteremko, ilikuwa safari. Alikuwa akisema: “Siku kisima hiki kitasema basi, na mimi nitasema basi.” Alisema huku anacheka, kama watu wanavyosema mambo wasiyoyategemea.

Masika tulipima visima saba vya mtaa, mimi na Mpimaji pamoja. Kisima chetu, kutoka ukingoni hadi kwenye maji: meta nne na kidogo. Akanieleza kwamba kipimo chenyewe hasa ni cha mwisho wa kiangazi. Kisima kikishuka sana wakati wa jua, maana yake kinanyonya kutoka mlimani, na pompe ikifika kitaumia. Kisiposhuka, basi kina riziki yake kwingine, wachimbe tu.

“Na lazima kisima kiwe kimelala,” alisema. “Mutu asichote mbele yako. Utaenda asubui kabisa, kisima moja kwa siku moja. Na usipige ngoma. Enda tu.”

Nilikubali kwa kichwa. Nilikuwa mwepesi sana wa kukubali.

Kiangazi kilipofika mwisho wake, homa ya mbu ikamwangusha Mpimaji. Alilala kwenye nyumba aliyopanga karibu na soko, rangi ya shuka na rangi yake zimefanana, akanikabidhi utepe, chaki na karne, lile daftari dogo la nambari. Nilitoka pale nikijiona mkubwa kama mkuu wa posta.

Na nikapiga ngoma. Si ngoma ya ngozi. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia akina mama kwamba wiki ile nitapima, kila kisima na siku yake, na wasichote kabla sijafika. Nilijiambia ndivyo kisima kitakavyolala. Ukweli ni kwamba nilipenda kusikilizwa.

Mama mkubwa nilimkuta anapepeta kokwa za michikichi.

“Kesho ni zamu ya kisima yetu,” nikamwambia.

“Nani anakuya kukitazama?”

“Ni mimi tu, Mama mukubwa. Mimi na karne.”

“Na karne inaenda wapi?”

“Kwa muzungu. Halafu Bujumbura, kwa wakubwa wa kampuni. Labda mpaka Ulaya.”

“Ulaya!” Akaweka ungo chini. Akakitazama kisima chake, akanitazama mimi, akakitazama tena kisima. “Kwa hiyo Ulaya watakiona hivi kilivyo?”

Nilicheka nikaingia ndani kutafuta chaki. Laiti ningebaki pale nje dakika moja tu, nikauliza ana maana gani.

Maana nilikuwa naijua. Kila mtoto wa mtaa wetu anaijua. Kwetu mgeni hateremshi ndoo akapandisha tope. Kama kuna harusi au maulidi nyumbani kwa mtu, na ni kiangazi, majirani huamka mapema, kila mmoja na debe lake la maji ya ziwani, wakayamimina katika kisima cha mwenye shughuli. Tunaita kushibisha kisima. Udongo wetu ni mzito, hunywa polepole. Maji yakimiminwa alfajiri huonekana bado mchana. Mwenye nyumba hasemi neno, na mgeni haulizi. Ni heshima inayofanywa na watu wote kwa pamoja, na haijamdhuru mtu tangu nipate akili.

Ilikuwa bado haijapambazuka vizuri nilipotoka uani na utepe wangu. Njia ya kutoka ziwani ilikuwa imelowa kama imenyeshewa, imejaa nyayo. Kando ya kisima madebe matupu yalikuwa yamepangwa mstari, na akina mama wa majirani wamesimama wamejifunga vitenge vyao vya sikukuu, mabega yamelowa chepechepe, nyuso zikimeremeta.

“Haya, fundi wa mashimo!” akasema jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene aliyekuwa na ulimi kuliko wote. “Pima. Kisima kimelala, hatukukigusa.”

“Amahoro, mama,” nikasema. “Mbona mumelowa?”

“Jasho.”

Wote wakaangua kicheko. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, mpole kama bibi harusi. Nikapaka chaki, nikateremsha utepe. Risasi haikwenda mbali. Ikalia pu kabla sijajiandaa. Nikainama kutazama, na mle kisimani, kwenye mwanga mdogo wa asubuhi, kulikuwa na ndagala mmoja, kile kisamaki cha ziwani, mzima, anazunguka zunguka akitafuta wenzake elfu.

Jirani akachungulia begani mwangu. “Yoo! Kisima kimezaa!”

Tulicheka mpaka nikashika ukingo nisianguke. “Ukiangukia humo tutakupima wewe!” akasema mwingine. Nami nilicheka kwa moyo wote, nakiri. Walikuwa wamepanda ule mteremko gizani, mara tatu, mara nne, kwa ajili ya karne yangu. Ni nani angesimama mbele ya nyuso zile akasema, akina mama, mumeharibu?

Ningesimama mimi. Ndiyo kazi niliyopewa.

Badala yake nilisoma nambari: meta nne na shubiri. Karibu sawa na ya masika. Nikiandika, nilijisemea kwamba ni kwa muda tu, nitarudi keshokutwa kimyakimya kupima tena. Mama mkubwa akasimama kwa taabu, akaja kuangalia kalamu.

“Imekuwa nzuri?”

“Nzuri sana, Mama mukubwa.”

“Murakoze,” akawashukuru wenzake. “Murakoze cane.” Akawapa chai.

Siku zilizofuata, visima sita vilivyobaki vikashibishwa vyote. Ilikuwa kama msimu wa harusi. Sikurudi keshokutwa, kwa sababu keshokutwa palikuwa na kisima kingine cha kupima, na akina mama wengine wenye vitenge. Juma lilipokwisha Mpimaji akaniita. Alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni, akaisoma karne yote kwa kidole. Uso wake ukafunguka.

“Haikushuka,” akasema. “Ona! Haikushuka hata kidogo! Kisima yenu haifungane na mulima. Iko na njia yake mwenyewe, pengine inatoka kwa ziwa.” Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa moto wa homa. “Ulifanya kazi muzuri. Barua yako nitaandika leo.”

Pale ndipo. Nikikumbuka miaka yangu ishirini na minne yote, nafika pale, kwenye kile chumba chenye harufu ya kwinini, nami nimefungua mdomo. Niliufungua kweli. Kilichotoka ni: “Pole na homa, Bwana.”

Rapori, ile taarifa ya vipimo vyetu, ilikwenda Bujumbura. Mvua zikanyesha, zikaisha, na kamyo ikapanda mlimani imebeba pompe. Walichimba shimo la kujaribia kwenye lile korongo, na maji yalipoingia, kama alivyosema, wakayavuta na kuyamwaga bondeni upande wa pili. Ukikaa uani kwetu jioni, upepo ukitoka mlimani, uliisikia: tu-tu-tu-tu, mchana na usiku. Watoto waliifanya wimbo.

Kiangazi kilichofuata Mama mkubwa aliunga kamba ya ndoo mara ya kwanza. Akasema ni jua kali. Akaiunga mara ya pili. Mara ya tatu ndoo ikapanda na tope, akalichuja kwa kitambaa, akasafishia mafuta, wateja wakanusa wakarudisha. Majirani walijaribu kukishibisha, nyumba zote, madebe hamsini, na maji yakanywewa kabla ya adhuhuri. Asubuhi moja nilimwona anashuka ziwani na debe, mkono mmoja umeshika ukuta wa nyumba za watu. Nikamkimbilia, nikachukua debe. Tangu siku hiyo nikawa nachota mimi, kabla ya kazi na baada ya kazi, na kila nikirudi nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake kando ya kile kisima kitupu kama mtu anayemuuguza mgonjwa.

Mpimaji aliposikia alikuja mwenyewe. Aliteremsha utepe mpaka risasi ikagonga mwamba, bila sauti ya maji.

“Ulipima weye mwenyewe, ule mwaka?”

“Ndiyo, Bwana.”

“Asubui? Kisima ilikuwa inalala?”

“Ndiyo.”

“Basi ni mimi,” akasema. “Sikujua kusoma ile udongo. Miaka makumi tatu na sijui kusoma udongo.” Akakunja utepe wake polepole, akausahau ukingoni, ikabidi nimkimbilie nao. Alikuwa amezeeka njiani kati ya kisima na lango letu.

Jioni ile nilikaa chini kando ya kigoda chake. Nikamweleza Mama mkubwa kila kitu: nambari ile ilikuwa ya nini, kiangazi kilitakiwa kuonyesha nini, na ndagala yule alikuwa na maana gani. Niliona naweka mzigo chini. Nilikuwa na moyo laini, na nilifikiri kusema kweli ni kujitua. Sikuangalia naweka mzigo juu ya nani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo: “Kwa hiyo ni mimi nimekikausha?”

“Hapana, Mama mukubwa. Ni mimi. Mimi ndiye niliandika.”

“Wewe uliandika maji niliyomwaga.”

Nilirudia hapana hata sijui mara ngapi. Haikusaidia. Asubuhi alikuwa amevaa, ameshika fimbo. “Twende mulimani. Yule muzee anafikiri hajui kazi yake. Haiwezekani alale siku ya pili na uongo wetu.”

Ilituchukua nusu siku. Tulipumzika kila penye kivuli, na magoti yake niliyasikia yakilia. Tukamkuta Mpimaji kando ya shimo, karibu na lile bomba lililokuwa likitapika maji bondeni. Mama mkubwa hakumsalimia hata. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba, akakinga kiganja, akanywa, akafumba macho. Kisha akaja, akamweleza: harusi, maulidi, madebe, heshima. Ilibidi apaze sauti juu ya pompe.

Mzee akamsogezea sanduku akae, naye akakaa chini, juu ya mawe.

“Mama, mulimwaga maji kwa ajili yangu?”

“Kwa ajili ya mugeni. Na kwa ajili yetu pia, tusionekane masikini.”

“Madebe ngapi?”

Akamwambia. Mzee akatoa karne yake, akaandika hesabu ile. Hakunikaripia. Alinitazama mara moja tu, na ningependa angenikaripia. “Nitaandika rapori mupya,” akasema. “Lakini wakubwa wameshasoma ile ya kwanza, na ile ya kwanza ndiyo wanapenda.”

Ikawa hivyo. Pompe ilivuma mwaka mwingine mzima. Kisha wakagundua kwamba makaa yenyewe ni hafifu, hayawaki vizuri, wakapakia vyombo vyao wakaondoka. Mpimaji alikuwa amekwisha rudi kwao. Kabla ya kuondoka aliniambia kwamba barua yangu ya ekole inabaki palepale: “Mutu mwenye aliharibu kisima moja, ya pili ataichunga.” Sikwenda. Nilidhani kukaa ni kulipa kosa. Mama mkubwa alikasirika kuliko siku zote nilizomjua. “Kisima kimekauka,” akasema, “na wewe unataka kukauka?” Nilipobadili nia, afisi ya ekole kule Bujumbura haikumjua tena aliyeandika barua wala aliyeandikiwa. Siku hizi naandika mizigo ya makamyo sokoni.

Mama mkubwa alihamia Nyanza-Lac kwa binti yake, ambako mto unapita karibu na mlango. Alitoka nyumbani bila kugeuka, akiwa juu ya gari kati ya magunia, na nyumba ikapangishwa.

Mwaka huu, mvua za pili baada ya pompe kunyamaza, nilikwenda kupima. Sikumwambia mtu. Nilimwomba mpangaji ruhusa nikiwa tayari mlangoni, alfajiri, naye alikuwa bado anapiga miayo. Meta tano; maji yalikuwa yanarudi. Nikapanda gari la Nyanza-Lac siku hiyohiyo, nikampelekea nambari kama mtu anayepeleka nyama.

“Uliwaambia watu?” akauliza.

“Hata mumoja.”

“Basi ni kweli.” Akatabasamu, lakini hakusema atarudi, nami sikuwa na haki ya kumwomba. Magoti yake sasa hayamfikishi hata mtoni. Akaniuliza nani anachota. Nikawataja wote, nyumba kwa nyumba, na nilipofika kwa jirani yetu mwenye ulimi akacheka kidogo.

Kisha akanishika kifundo cha mkono. “Wale wengine ulishawaeleza?”

“Hapana.”

“Usiwaeleze. Nilikwenda kuwaamusha mimi, mulango kwa mulango. Wao walibeba tu.”

Sijawaeleza. Wakinikuta sokoni na kalamu yangu bado wananitania, fundi wa mashimo, utatuletea lini wazungu wengine wa kuangalia visima? Na juzi yule jirani akanishika shati, akasema safari hii niwape habari mapema, siku tatu kabla, maana mara ile hawakupata muda wa kubeba ya kutosha.